Mipigo Miwili: Kutoka Mashini ya Dunga Hadi Jitu la Baharini

Najua wengi wenu hufungua kurasa hizi kutafuta mashairi, vitendawili na habari za ziara ya chama, nami nawaletea injini! Patroni wetu aliponisikia alikunja uso, kisha akakubali kwa sharti moja: niandike Kiswahili ambacho mama anayeuza omena soko la Jubilee angekielewa bila kumwita mtu amfasirie. Nitajaribu. Pale ambapo fundi wa Dunga ana neno lake nitatumia la fundi, kwa maana kamusi haijawahi kufungua injini hata siku moja.

Kabla ya somo, naomba nikiri kosa. Mimi niliua mashini.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa Kidato cha Kwanza. Baba mdogo ana mashua pale Dunga, na wakati huo nyuma ya mashua palikuwa na mashini ya nguvu za farasi 40, ile inayoning'inia nje na kuwashwa kwa kuvuta kamba. Alinipa jerikeni la lita 20 na pesa, akasema tu, "Ya mashini." Kwake maneno hayo mawili yalikuwa na maana kamili: petroli na oili ndani yake. Kwangu yalikuwa na maana ya petroli, basi. (Ninyi wanachama mnaobishana kuhusu umuhimu wa sarufi, hapo pana mfano wa bure.) Nikarudi na chenji nyingi kuliko alivyotarajia. Akacheka, akadhani petroli imeshuka bei.

Kesho yake alfajiri tulitoka watu watatu kwenda kuinua nyavu. Safari ilianza vizuri kwa sababu mpira wa mafuta ulikuwa bado na mchanganyiko wa jana. Tulipokwisha acha ufuo mbali nyuma, mlio wa mashini ukabadilika, ukawa mwembamba kama wa mbu. Kisha krrrk! Kimya. Baba mdogo akavuta kamba. Kamba ikagoma kana kwamba imefungwa kwenye mwamba.

"Ulitia oili?" akaniuliza.

"Oili gani, baba?"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliangalia maji kwa muda, akachukua kasia. Tulipiga makasia hadi mikono ikatoka malengelenge, na kama si upepo wa alasiri, ule unaotoka ziwani kuja nchi kavu na kutusukumia gugumaji mjini, sijui tungefika saa ngapi. Nyavu zilibaki huko zilikokuwa. Fundi alipoifungua mashini alitutolea pistoni iliyochanikachanika ubavu mmoja kama imepigwa msasa, akataja bei. Baba mdogo akaketi chini. Kwa miezi saba mashua ile ilikwenda kwa makasia na tanga la kuazima, na kwa vile yeye ndiye aliyekuwa akisaidia karo yangu, mimi nilikaa nyumbani majuma mawili muhula uliofuata. Basi mkisikia mvulana wa darasa letu anaulizauliza walimu habari za injini mpaka anakera, mjue alianzia wapi. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza pale kwenye kituo cha mafuta.

Swali langu la kwanza lilikuwa hili: mbona boda boda hainunuliwi oili kila inapotiwa petroli, nayo haifi?

Jibu liko katika hesabu ya mipigo. Ndani ya injini mna chumba cha mviringo kama kopo, ndiyo silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Chini yake pana konirodi, mfupa unaoiunganisha na krenki, na krenki ndiyo inayogeuza kupanda na kushuka kuwa kuzunguka, kama vile mguu wako unavyofanya kwenye pedali ya baiskeli. Kupanda mara moja ni mpigo. Kushuka mara moja ni mpigo mwingine.

Injini ya boda boda, ya matatu, ya basi na ya lori ni ya mipigo minne. Pistoni hushuka ikivuta hewa, hupanda ikiibana, hushuka ikisukumwa na moto, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Vuta, bana, lipuka, toa. Katika mipigo minne, ni mmoja tu unaoleta nguvu. Mitatu iliyobaki ni kazi ya nyumbani. Oili yake hukaa chini, katika sanduku la krenki, ikirushwarushwa mle ndani, na haina haja ya kukutana na petroli.

Ya mipigo miwili haina subira hiyo. Kila pistoni inaposhuka, inashuka kwa moto. Kuvuta na kutoa moshi havikupewa mpigo wao. Hufanywa harakaharaka pistoni ikiwa karibu na chini, kupitia matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa silinda. Pistoni ikishuka inayafunua, ikipanda inayaziba. Tundu moja hutoa moshi, jingine huingiza hewa mpya, na hewa mpya ndiyo inayoufagia moshi nje.

Nitawapa mfano wa matatu. Matatu ya mipigo minne ni ile yenye nidhamu: inasimama, abiria wote wanashuka, ndipo wengine wanapanda, mlango unafungwa, safari. Matatu ya mipigo miwili ni ile ya jioni pale stendi kuu: mlango wa mbele wapya wanajisukuma ndani, na kwa msukumo huohuo wa zamani wanatokezwa mlango wa nyuma. Ni haraka kweli. Lakini nyinyi mnajua kinachotokea. Kuna abiria mpya aliyelipa nauli kisha akasukumwa mpaka akatokea mlango wa nyuma bila kusafiri hata hatua moja!

Abiria huyo ndiye petroli ya baba mdogo. Katika mashini ile, kinachoufagia moshi si hewa tupu, ni hewa iliyokwisha changanywa na petroli na oili, na sehemu yake hutoka na moshi kabla ya kuungua. Ndiyo maana nyuma ya mashua utaona rangi za upinde wa mvua zikielea juu ya maji. Ni pesa ile, na ni sumu pia, na maji yetu ya mfereji mjini huvutwa kutoka ziwa hilihili.

Na oili je? Mashini hutumia sanduku la krenki kama pampu yake. Pistoni ikipanda, mchanganyiko unavutwa chini yake mle sandukuni. Ikishuka, unabanwa na kusukumwa juu kwenye silinda. Kwa hiyo sandukuni hamwezi kukaa kidimbwi cha oili kama cha boda boda, ingesombwa yote. Oili lazima isafiri ndani ya petroli yenyewe, ilainishe inapopita, kisha iungue. Katika mashini nyingi ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Lita 20 zinataka mililita 400. Chupa moja ndogo, wenzangu. Nilimwacha baba mdogo ziwani kwa sababu ya chupa moja ndogo.

Nilipoyajua haya nilikata shauri kwamba mipigo miwili ni uvumbuzi wa ovyo, wa vyombo vidogo, na karibu utakufa. Nilisema hivyo darasani, kwa sauti. Nusu ya darasa iliniunga mkono. Mwalimu wetu wa Fizikia hakunipinga. Alitikisa kichwa tu, akaniambia niende nikamwone mzee mmoja mtaani kwetu Nyalenda, ambaye ujanani alikuwa mfanyakazi wa chumba cha injini katika meli zilizokuwa zikifika Mombasa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ile petroli uliyonunua, ilifikaje Kisumu?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba ilikuja kwa bomba. Kila mtu hapa anajua bomba la mafuta lilifika Kisumu na Eldoret mwaka wa 1994.

"Na Mombasa ilifikaje?"

"Kwa meli."

"Basi petroli iliyoua mashini yako ya mipigo miwili ililetwa na injini ya mipigo miwili," akasema, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Na ile haifi kwa kukosa chupa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Meli nyingi mno za mizigo zinazovuka bahari leo, za makontena, za mafuta na za nafaka, huendeshwa na injini za dizeli za mipigo miwili. Zile kubwa zaidi ndizo injini kubwa kuliko zote za pistoni zilizopata kutengenezwa duniani. Tena ndizo zenye kubana matumizi kushinda karibu kila injini unayoijua: za kisasa hugeuza karibu nusu ya nishati iliyomo ndani ya mafuta kuwa kazi. Mashini ya Dunga haikaribii hapo.

Sasa inakuwaje ukoo mmoja uwe na mtoto mchafu hivi na jitu safi hivi? Hapa ndipo nilipolala usiku nikifikiri, na jibu likanijia kwa mfano wangu mwenyewe wa matatu.

Dizeli haina plagi. Injini yake huibana hewa mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na ndipo mafuta yanaponyunyizwa na nozeli na kuwaka yenyewe. Maana yake ni kwamba wakati wa kuufagia moshi, mafuta hayajaingia bado! Kinachojisukuma mlango wa mbele ni hewa tupu, na hewa haina nauli. Ikitokea nyingine imepitiliza mpaka mlango wa nyuma, imepotea hasara gani? Milango ikishafungwa, ndipo abiria mwenye nauli anaingizwa, akiwa hana pa kutorokea. Kwa hiyo ubaya haukuwa wa mipigo miwili. Ubaya ulikuwa kufagia nyumba kwa ufagio uliochovywa katika petroli.

Historia inaonyesha matawi hayo mawili yalivyoachana mapema. Aliyepata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka wa 1881 ni Dugald Clerk, Mskochi wa Glasgow, na ya kwake ilikuwa na silinda ya pembeni ya kusukuma mchanganyiko mpya ndani. Miaka kumi hivi baadaye Mwingereza Joseph Day akaona anaweza kuokoa gharama kwa kutumia sanduku la krenki liwe ndiyo pampu. Mashini zetu za mashua ni wajukuu wa Day. Kwa upande mwingine Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris, alionyesha injini yake ikifanya kazi kule Augsburg mwaka wa 1897. Ile ilikuwa ya mipigo minne. (Bwana huyo alitoweka usiku ndani ya meli mwaka wa 1913 akielekea Uingereza, mwili wake ulionekana baharini baadaye. Nimeambiwa nisipoteze nafasi kwa kisa hicho.) Kampuni ya Sulzer ya Uswisi ilitoa injini ya dizeli ya mipigo miwili ya kuendeshea meli mwaka wa 1905, iliyoweza kugeuzwa izunguke nyumanyuma. Majitu ya leo ni ya tawi hilo: pampu yake ya hewa iko kando, sanduku la krenki limeachwa na kazi yake.

Mzee alinieleza jinsi jitu lilivyo ndani, akichora kwa kijiti mchangani. Silinda ziko juu, sanduku la krenki liko chini, na kati yake pana sakafu ya chuma. Konirodi haishikani na pistoni moja kwa moja. Pistoni ina mti wake ulionyooka unaopita katika tundu la sakafu ile, lililobanwa kwa pete ili uchafu wa juu usishuke na oili ya chini isipande. Chini ya sakafu mti huo hukutana na kipande kizito kinachoteleza kati ya reli mbili zilizosimama, na hapo ndipo konirodi inapoanza. Kwa hiyo msukumo wa pembeni, ule uliochana pistoni yangu, huchukuliwa na reli hizo, wala si na ukuta wa silinda. Ukuta wa silinda una oili yake ya peke yake, inayodungwa kidogokidogo kupitia vitundu. Oili hiyo hutiwa dawa ya alkali, kwa sababu mafuta mazito ya meli yana kiberiti, kiberiti kikiungua huzaa asidi, na asidi hula chuma. Wanafunzi wa Kemia mmeona? Tangu mwaka wa 2020 kanuni za kimataifa zimekishusha kiwango cha kiberiti katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zilizofungwa mtambo wa kuosha moshi.

"Na sanduku la krenki," mzee akasema, "sisi tulikuwa tunaingia ndani na tochi."

Tunaingia! Mimi nilishika sanduku la krenki la mashini ya Dunga kwa viganja viwili. Akanionya kana kwamba nakwenda kazini kesho: injini ikizimika kwa kupata moto kupita kiasi, usikimbilie kufungua mlango. Mle ndani mna ukungu wa oili ya moto. Ukiingiza hewa mpya kabla haujapoa, unaweza kulipuka. Unasubiri. Alilisema neno hilo mara tatu.

Sasa naomba mwalimu wa Hisabati asome sehemu hii kwa makini. Mwaka wa 2006 meli ya makontena Emma Maersk, yenye urefu wa mita 397, ilitiwa injini ya aina ya RT-flex96C yenye silinda 14. Kipenyo cha silinda ni sentimita 96, na mpigo wa pistoni ni mita 2.5. Chukua hesabu ya mcheduara: silinda moja humeza lita 1,800 na ushei. Ukiteka maji kwa jerikeni la lita 20 utahitaji majerikeni 90 kujaza silinda moja! Injini nzima ina uzito wa tani 2,300 hivi, kimo cha zaidi ya mita 13, na nguvu za farasi zaidi ya 108,000. Gawa kwa 40: ni zaidi ya mashini 2,700 za baba mdogo. Mashua za pwani yetu yote zikikusanyika sijui kama zitatimia.

Lakini hesabu iliyonishangaza kuliko zote ni ya mwendo. Jitu hilo huzunguka mara 102 tu kwa dakika likiwa na nguvu zake zote, kiasi cha moyo wa mtu anayetembea upesi. Pistoni kila mzunguko husafiri mita 2.5 kushuka na mita 2.5 kupanda, jumla mita 5. Kwa dakika ni mita 510, kwa sekunde ni mita 8.5. Haya, tuchukue mashini ndogo yenye mpigo wa sentimita 6, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Sentimita 12 mara 5,000 ni mita 600. Kwa sekunde ni mita 10. Karibu sawa! Moja yaunguruma taratibu kama mzee, nyingine yalia kama mbu, na pistoni zake zakimbia karibu kasi moja. Chuma na oili vina kiasi chake cha kuvumilia, uwe mdogo au mkubwa.

Kwa nini basi jitu lizunguke polepole? Kwa sababu ya rafadha, yale mapanga yanayosukuma maji. Rafadha kubwa inayozunguka polepole hupoteza nguvu kidogo kuliko ndogo inayokwenda mbio. Injini ikiwa nayo ni ya polepole, rafadha hufungwa kwenye krenki moja kwa moja, bila giaboksi katikati. Na injini ya polepole inahitaji kila mzunguko uwe na mlipuko, la sivyo nguvu itapungua. Hapo mipigo miwili inajitetea yenyewe. Nahodha akitaka kurudi nyuma, hakuna gia ya rivasi: injini husimamishwa kabisa, saa yake ya kunyunyiza mafuta hubadilishwa, kisha huwashwa upya izunguke upande mwingine. Huwashwa kwa nini? Si kamba! Ni upepo uliobanwa ndani ya matangi, wenye mgandamizo kama mara 15 ya ule wa gurudumu la gari, ukifunguliwa kuingia silinda moja baada ya nyingine.

Kulikuwa na malori na mabasi ya dizeli ya mipigo miwili pia, hasa Marekani, ambako kampuni ya General Motors ilianza kuziunda injini zake mwaka wa 1938. Mwishowe ziliondoka barabarani. Kelele, moshi na kunywa oili viliziponza zilipokutana na sheria za hewa safi. Ardhini mipigo minne ilishinda, baharini ilishindwa.

Rafiki yangu mmoja aliposoma rasimu hii aliniuliza, je, jitu kama hilo tutaliona lini Kisumu? Kwa maoni yangu, hatutaliona, na si kwa sababu sisi ni maskini. Ziwa letu ni pana lakini si la kina. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, na mahali pa kina zaidi ni mita 80 na kidogo; ghuba yetu ya Winam ni ya kina kidogo zaidi ya hapo. Tena ziwa halina mlango wa kuingilia kutoka baharini. Kila meli kubwa iliyopata kuelea hapa ilifika vipande vipande. SS William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka wa 1900, ilibebwa kabla hata reli haijafika, kwani reli ilifika Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Zile herufi SS maana yake ni meli ya mvuke. SS Nyanza na SS Usoga zilifuata kwa njia hiyohiyo, zikiungwa hapa bandarini kwetu. MV ni meli ya injini, na MV Uhuru, behewa la mabehewa, iliundwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikaungwa Kisumu na kuzinduliwa mwaka wa 1966. Glasgow ileile ya Dugald Clerk, kama hujasahau. Ilisimama zaidi ya miaka kumi kisha ikarudi kazini mwaka wa 2019 kubeba mafuta kupeleka Uganda. Na sasa kuna MV Uhuru II, ya urefu wa mita 100, iliyojengwa papa hapa Kisumu.

Mita 100 ni robo ya Emma Maersk. Meli za kiasi hicho duniani kwa kawaida hutiwa injini za wastani, nyepesi, zenye giaboksi, zinazoweza kupitishwa relini na barabarani. Krenki peke yake ya jitu lile ina uzito wa tani 300. Mnajua daraja gani litaibeba kutoka Mombasa? Mimi silijui. Kwa hiyo ziwa letu lina mipigo miwili ya Day, ile midogo, kwa maelfu. Ile mikubwa inaishia Mombasa, ikituletea mafuta, mitumba na ngano, tusiione.

Siku hizi pale Dunga zimeanza kuonekana mashini za mipigo minne, zenye oili yake chini kama boda boda. Ni ghali zaidi na ni nzito kuziinua. Baba mdogo alipopata pesa baada ya ile miezi saba alizitazama, akauliza bei, akarudi na ya mipigo miwili iliyotumika, kwa sababu hiyo ndiyo fundi wetu anaijua. Sikuwa na la kusema. Lakini kazi ya kuchanganya amenipa mimi, yeye husimama kando akiangalia. Lita 20, mililita 400, jerikeni hufungwa na kutikiswa.

Pistoni ile ya zamani alitaka kuwauzia watu wa vyuma chakavu, nikaiomba. Mwalimu wa Fizikia ameichukua, iko kwenye kabati la maabara, rafu ya pili. Ukiishika utaona mikwaruzo yote iko ubavu mmoja, upande uliokuwa ukitazamana na tundu la moshi, kwa maana huko ndiko kulikokuwa na moto zaidi.